Uzoefu wangu katika ile hoteli ya Kikristo: swali moja tu la nyama

Jina sitalitaja. Wakazi wa Mombasa mnaijua, maana imekuwa gumzo la mji tangu ile video ya maombi wanayoendesha humo ndani kwa kipaza sauti saa saba mchana isambae kwenye simu za watu. Kuna wanaotaka isusiwe, kuna wanaotaka kaunti iifunge, na kuna wanaokwenda kula pale makusudi, hata wakiwa wameshiba, ili ionekane wako upande gani. Mimi nilikuwa upande wa hoteli. Nasema mapema asije mtu akaniambia nina chuki na Wakristo. Mimi ni Mwanglikana, nimebatizwa na kufungiwa ndoa katika kanisa moja, na hoteli inayofunga Jumapili ili wahudumu wake wapate kwenda ibadani naipenda kwa moyo wangu wote.

Nyimbo za injili kutwa kucha? Sawa. Aya zimechorwa ukutani kwa rangi? Sawa. Hapa kwetu kuna hoteli nyingi zinazofungua asubuhi kwa kisomo cha Kurani, zenye Ayatul Kursiy juu ya kaunta, zinazofunga watu waende Ijumaa. Tumekula humo tangu utoto, na mchana wa Ramadhani tukizikuta zimefungwa tunapita zetu bila neno. Kwa hiyo waliosema maombi yale ni uchokozi niliwapinga, na ninawapinga hadi leo. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kudhihirisha dini yake, hadharani au faraghani, peke yake au pamoja na wengine, hata kuadhimisha siku yake ya ibada. Mwenye hoteli naye ni mtu.

Sasa sikilizeni yaliyonikuta.

Nilikuwa nimempeleka jirani yangu kliniki ya macho. Ni mtu mzima, wanangu wanamwita Bibi, nami nimezoea kumwita hivyo hivyo. Alitiwa ile dawa ya kupanua mboni, na ukishatiwa dawa hiyo kwa saa kadhaa huoni maandishi, unaona ukungu tu. Njaa ilikuwa inatuuma, hoteli iko njiani, nikamwambia twende kwa hao wanaosemwa tukaone wenyewe. Akacheka, akasema, "Twende, mwanangu. Dua haina ubaya."

Pale unalipa kwanza, unapewa risiti, ndipo unakwenda kupakuliwa. Nikalipa kwa M-Pesa shilingi 950: pilau ya nyama kwa Bibi, wali wa nazi na samaki wa kupaka kwangu, na ukwaju bilauri mbili. Maombi yakaanza kwenye kipaza sauti. Watu wengi walisimama, Bibi akabaki ameketi, mikono mapajani, kimya, kwa heshima zake. Hakuna aliyemsumbua. Hilo nawapa haki yao.

Tukaenda kaunta. Orodha ya vyakula imeandikwa kwa chaki juu kabisa, na hata mwenye macho mazima anakunja uso kuisoma. Bibi akamwuliza meneja, bwana mmoja mwenye tai aliyekuwa amesimama pale, "Samahani, baba, nyama hii ni ya halali?"

Hakumtazama hata usoni. Alikuwa anahesabu risiti, akaendelea kuhesabu. "Hii ni hoteli ya Kikristo, mama. Maswali ya halali kayaulize Mji wa Kale."

Yaani huko mjini kwa Waislamu. Na hakusema chini chini. Meza zote zilisikia. Kuna kijana nyuma yetu aliguna, mwengine akacheka. Bibi akavuta mtandio wake mbele kidogo, akasema, "Haya, baba. Nimekuelewa."

Damu ilinichemka. Nikamwambia, kaka, huyu ameuliza, hajakutukana. Akanijibu, "Sista, sisi hatufanyi kazi kumpendeza mwanadamu. Tunampendeza Mungu." Nikamwambia basi nirudishie pesa ya ile pilau, maana bado hata haijapakuliwa. "Pesa ikishaingia hairudi. Chakula kipo, mkitaka chukueni, mkitaka acheni."

Sufuria ya pilau iko mbele yetu, kifuniko bado kiko juu, na mtu ananiambia pesa hairudi!

Yule binti wa kupakua akainama juu ya kaunta akamnong'oneza Bibi: "Bibi, nyama tunachukua bucha ya sokoni. Anayechinja ni Mwislamu. Kula tu, Bibi." Mnaona? Jibu lilikuwa "ndiyo". Mombasa hii mwenye bucha anataka kuuzia kila mtu, kwa hiyo nyama huchinjwa na Mwislamu, na meneja wa hoteli hawezi kusema halijui hilo. Alikuwa na jibu mdomoni, jibu la neno moja, lenye faida hata kwa biashara yake, akaliacha akachagua kumdhalilisha mwanamke wa umri wa mama yake mbele ya watu.

Bibi alimshukuru yule binti, akamwombea kheri, lakini hakula. Alisema ameshiba. Mimi nilikuwa nimeshapakuliwa wangu, na nitasema ukweli kwa sababu hii ni tathmini ya hoteli: samaki alikuwa mzuri sana. Changu mzima, amechomwa mkaani kwanza, halafu tui zito limemwagwa juu na ndimu ikasikika. Siku hizi ni nadra kupata hoteli inayokuna nazi yake yenyewe. Wengi wanachanganya unga wa pakiti na maji. Hawa wanakuna. Nilimla nusu kwa hasira, nusu nikaacha kwenye sahani, kwa sababu haiwezekani kula na mgeni wako anatazama.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijibizana na watu wa kanisani kwangu. Mmoja, ninayemheshimu, ameniambia niache kuisema vibaya hoteli ya ndugu zetu, eti hata Marekani Chick-fil-A, ile kampuni ya mikahawa ya kuku yenye wenyewe Wakristo, walipigwa vita vivyo hivyo wakasimama imara. Mfano huo ameuleta yeye, acha niuangalie. Truett Cathy alianza na mkahawa mdogo huko Georgia mwaka 1946, akafunga Jumapili tangu mwanzo, na mpaka leo wanafunga. Hakuna mgogoro hapo. Moto uliwaka 2012, mwanawe Dan Cathy aliposema hadharani kwamba wao wanashika ndoa ya mume na mke kama ilivyo katika Biblia, huku pesa za hisani za kampuni zikiwa zimefika kwa makundi yaliyopinga ndoa za jinsia moja. Wengine wakaisusia. Mike Huckabee, aliyekuwa gavana wa Arkansas, akaitisha siku ya kuiunga mkono, tarehe 1 Agosti, na foleni zikazunguka majengo. Mwaka 2019 wakatangaza kubadilisha utoaji wao wa misaada, safari hii wakalaumiwa na Wakristo wenzao. Ugomvi wote huo ulihusu kauli ya mwenye mali na pesa yake inakokwenda. Lakini katikati ya moto wa 2012 kampuni ilitoa taarifa kwamba desturi yao ni kumhudumia kila mtu kwa heshima, awe na imani gani au awe nani. Wanaowapenda na wanaowachukia wote wanajua wahudumu wao wana adabu. Sasa ndugu yangu, hoteli yetu hii unailinganishaje na hiyo? Wao wanagombana na watu juu ya mafundisho, huyu wetu anagombana na bibi mzee juu ya sahani ya pilau.

Na kile kifungu cha 32 nilichokitumia kuwatetea kina sehemu ya tatu, inayosema mtu asinyimwe kuingia taasisi, ajira wala huduma kwa sababu ya imani yake. Wale wanaokisoma wakaishia pale panapowafaa wakisome mpaka mwisho.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haya yametokea hapa, wala si mahali pengine. Krapf, yule mmisionari Mjerumani, alipofika Mombasa mwaka 1844 kuhubiri Injili, alikuja na barua ya Seyyid Said, Sultani Mwislamu, ya kuwaambia maliwali wake wamtendee wema. Alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, aliyemsaidia alikuwa kadhi wa hapa hapa. Ndivyo Neno lilivyoanza kwa lugha yetu, na leo mtu aliyevaa msalaba kifuani anamwambia Mwislamu peleka maswali yako Mji wa Kale.

Kwangu mimi hili ni jambo la nyumbani. Krismasi mtoto wa Bibi ndiye anayekuja kunichinjia kuku, ili mchuzi ukiiva na wao wale bila wasiwasi. Hakuna aliyetulazimisha, na mchungaji wangu anajua na anakula kuku huyo huyo. Idi sinia linakuja kwangu limefunikwa kawa, kabla hata nyumba yao haijala. Mama yangu alipofariki, Bibi ndiye aliyekaa jikoni siku zote za matanga. Huyo ndiye aliyeambiwa maneno yale, nikiwa nimemshika mkono, katika hoteli niliyompeleka mimi kwa sababu ni ya watu wa dini yangu.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwapa nyota tatu: chakula kizuri, pasafi, meneja hana adabu. Sasa naona siwezi. Usafi gani huo? Nikasema basi mbili, kwa sababu ya yule binti na yule samaki. Lakini ukienda ukampata binti yule peke yake, na bwana wa tai hayupo, utaondoka unaisifu hoteli, nami sitakulaumu. Hata mimi pengine... hapana. Sirudi. Nyota moja, na hiyo ni ya binti. Nawaomba wenye hoteli wasimguse kwa hili; sikumtaja, na zamu hiyo wapakuaji walikuwa wengi.

Wanaotaka ifungwe, mimi si mwenzenu. Waombe saa saba, waimbe, wafunge Jumapili. Lakini wakati meneja anajibu hivyo, mwenye hoteli alikuwa ameketi meza ya karibu na mlango. Nilimwona, aliniona, akarudi kwenye simu yake.

Kama unasoma hapa, mzee, namba yangu iko kwenye M-Pesa yenu. Bei ya pilau mnaijua. Msinitumie mimi. Pigeni simu, nitawapa namba ya Bibi, na atakayezungumza naye awe yule bwana mwenyewe.