Mbao za mninga kutoka msitu wa kijiji, Kilwa: nyota nne kati ya tano

Mimi seremala, karakana yangu iko Mtanda, Lindi mjini. Kuna mteja alitaka kitanda na kabati la mninga, akasema wazi kwamba mbao zisizo na karatasi hazitaki ndani kwake. Basi badala ya kungoja zile zinazoshushwa usiku wa manane, nikaenda kununua kwenye kijiji kimoja wilayani Kilwa chenye msitu wake.

Mbao kwanza. Mninga ule una rangi ya kahawia yenye michirizi ya wekundu, na ukipiga randa vumbi lake linakupandisha chafya mpaka machozi. Weupe wa nje wameuondoa kwenye kuchana. Mtaani wanakuuzia na weupe wake, na mdudu anaanzia hapo hapo. Vipimo nilikagua mwenyewe kwa futi: mbili kwa sita ni mbili kwa sita kweli. Kwa madalali wetu inchi mbili ni moja na nusu na maneno mengi.

Kasoro yake, zilikuwa mbichi. Mninga haujikunji ovyo, ila unakauka taratibu, hivyo nimezipanga kivulini na fito katikati, mteja kanuna. Bei nayo ilizidi ya mtaani kwa kama robo.

Kilichonivutia zaidi ni huduma. Katibu wa kamati ya maliasili, mama mmoja mwenye buti za mvua, alinipeleka hadi kwenye kisiki. Namba iliyo kwenye kisiki ndiyo iliyo kwenye gogo, na ndiyo aliyoiandika daftarini. Pembeni kulikuwa na mninga mwingine, mnene, umenyooka. Nikauliza vipi huu. "Huo hauna namba, fundi. Usio na namba haukatwi, hata aje mkubwa gani." Risiti nikaandikiwa palepale ofisini, na mapato na matumizi ya msitu yamebandikwa ukutani, kila mpita njia anasoma.

Huku kwetu mbunge tunampima kwa visima na madawati. Lakini Bunge lilipopitisha Sheria ya Misitu mwaka 2002 lilifanya kazi ambayo haina utepe wa kukata: kijiji kikapewa njia ya kutenga msitu kwenye ardhi yake, kikausimamia kwa mpango uliopitishwa na mkutano mkuu, na hela ya mauzo ikaingia kijijini. Mwaka uliofuata Daraja la Mkapa likafunguliwa pale Rufiji, na magogo ya kusini yakapata barabara ya kukimbilia Dar. Bila sheria ile sijui wanakijiji wangeshika nini mkononi zaidi ya vumbi la malori. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kilwa, kwa kusaidiwa na MCDI, shirika la uhifadhi linalofanya kazi na vijiji, ikapata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha msitu unaosimamiwa vizuri, ya kwanza Afrika kwa misitu ya asili iliyo mikononi mwa wanavijiji. Jambo la kujivunia hilo, na wengi hapa Lindi hawalijui.

Nyota niliyoikata ni ya kibali cha kusafirisha. Kijiji kilishamaliza yake yote, lakini mwenye kusaini hayupo, simu inaita tu, Fuso imeegeshwa na tingo anakula chapati kwa hesabu yangu. Mwizi hangojei saini. Anayengoja ni mimi mwenye risiti. Wabunge wa kusini wakitaka hoja ya kusimama nayo, hii hapa. Karatasi ilipotoka, vizuizini walikagua wakaturuhusu bila longolongo.

Ukienda, masika usithubutu, gari litalala njiani. Pigia kamati simu mapema wakuambie miti iliyopangwa kuvunwa. Wachonga vinyago wa Mtwara wanaotaka mpingo nao waagize mapema, maana magogo yaliyonyooka yana wenyewe: yanakwenda nje kutengenezwa klarineti. Yaliyopinda ndiyo mnayoweza kuelewana bei.