Miezi minane na taa ndogo ya LED ya rangi: uzoefu wangu

Taa hii nimepigia filamu fupi mbili na video kadhaa za muziki. Ni bapa, inaingia mfukoni, na hutoa mwanga mweupe kuanzia 2700 K hadi 6500 K (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga: namba ndogo ni ya njano, kubwa ni ya bluu), pamoja na zile rangi nyingine ambazo kila mwenye taa mpya lazima azichezee. Nami nilizichezea. Wiki ya kwanza kila aliyepita mbele ya kamera yangu alikuwa zambarau.

Nilianza kuiheshimu kwenye tukio la mwanamke anayesoma barua usiku, ambalo tulilipiga jua likizama. Niliiweka mita moja kutoka usoni mwake, kwenye 3200 K, rangi ya balbu za zamani. Nikitazama kwenye kioo cha kamera, ule ujoto haupo; uso umepauka kama wa mtu aliye ofisini. Kumbe kamera nilikuwa nimeiacha ijipangie mizani ya weupe, yaani iamue yenyewe mwanga upi uhesabiwe mweupe, nayo ikaona rangi ya chungwa ni kosa, ikalirekebisha. Nikaifunga kwenye 4300 K. Hapo hapo uso ukawa dhahabu, na mwanga hafifu wa dirishani ukageuka bluu ya baridi.

Bado ilikuwa kali mno. Ningeipunguza kwa kitufe, lakini ugonjwa wake uko hapo: ikishuka chini ya asilimia tano huanza kupepesa, na weupe wake huingia ukijani. Kwa hiyo nikairudisha hadi mita mbili. Umbali ukiwa mara mbili, mwanga unaobaki ni robo, yaani stopu mbili zimeondoka, kila stopu ikiwa ni kukata mwanga nusu.

Mwigizaji ana ngozi nyeusi sana, na mazoea yalinituma niongeze mwanga. Safari hii nikaisogeza tu pembeni, kwa nyuma kidogo, ikawa inateleza shavuni. Mng'ao ukachora mfupa wa shavu na ukingo wa pua, upande wa pili ukazama gizani. Karatasi ya barua nayo ikamrudishia mwanga kidogo machoni, jambo ambalo sikulipanga kabisa.

Rangi kali zina mtego wake. Kwenye video moja nilimmwagia msanii nyekundu tupu usoni. Histogramu ya kawaida, ile grafu ya mwangaza kwenye kamera, ilikuwa shwari, lakini kwenye kuhariri nikakuta shavu ni doa bapa lisilo na kinyweleo wala kunyanzi. Nyekundu peke yake ndiyo iliyoungua, yaani ilizidi kiwango ambacho kamera inaweza kurekodi. Siku hizi naangalia histogramu ya rangi tatu, inayoonyesha nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake, na kwenye nyekundu huchanganya weupe kidogo.

Betri hukaa kama saa moja na nusu ikiwaka kwa nguvu zote. Programu yake ya simu sijaifungua tangu siku ya pili. Anayetaka kuangaza chumba kizima atafute nyingine. Mimi nimeagiza ya pili kama hii, ya kuficha nyuma ya kichwa cha mwigizaji.