Yerba mate: uanze na ipi, ipi uiache dukani kwanza

Watu wananunua yerba, yaani majani makavu ya kuloweka kama chai na kunywa kwa mrija wenye kichujio, kwa kuangalia uzuri wa paketi halafu wanakuja kulalamika eti chungu kama mwarobaini. Mmea wenyewe ni uleule, unalimwa Misiones na Corrientes huko Argentina, Paraguay, na kusini mwa Brazili, tofauti inakuja baada ya kuvuna: majani yanapitishwa kwenye moto mkali sekunde chache yasije yakawa meusi, yanakaushwa, yanapondwa, mengi yanalazwa ghalani miezi kadhaa mpaka ukali utulie, ndo yanasagwa na kuchanganywa na vijiti vyake. Kwahiyo soma nyuma ya paketi.

Namba moja, ya Argentina iliyoandikwa con palo, yaani ina vijiti. Usione umepunjwa, vijiti ndo vinalainisha ladha na kusaidia mrija usizibe. Playadito ni laini kabisa, ya ushirika wa wakulima wa Colonia Liebig, Corrientes. Taragüí iko katikati. Rosamonte nzito, mi naipenda sana ila siyo ya kuanzia jamani. Ukiona sin palo hayo karibu yote ni majani, makali, subiri kwanza uzoee.

Namba mbili Paraguay, na kama unaishi kwenye joto la Dar, Mombasa au Maskati basi kwako hii ndo ya kwanza. Wenyewe wanainywa na maji ya barafu, wanaita tereré, wanatwangia na mnanaa au majani mengine ya dawa humohumo, UNESCO wameiweka kwenye orodha yao ya urithi 2020. Tafuta Pajarito au Kurupí.

Tatu ni ya Uruguay, mfano Canarias. Wauruguay wanaongoza duniani kwa kunywa ukigawanya kwa kichwa, ila yerba yao karibu yote inatoka Brazili. Imesagwa laini, vumbi jingi, nguvu yake siyo ya mchezo, na mrija wa bei rahisi utaziba tu.

Ya mwisho ni ya Brazili, wenyewe wanaita chimarrão, na siyo kwamba ni mbaya, ikiwa mpya ni tamu ajabu, kijani kibichi na imesagwa unga kabisa, lakini kwa kawaida hailazwi ghalani kwahiyo ikishakaa melini na dukani miezi rangi inageuka njano na utamu umeshaondoka. Nunua tu kama paketi imetolewa hewa na tarehe ni ya karibuni, ukifungua weka friji.

Kuna zinazokaushwa kwa moshi wa kuni. Harufu yake tamu, ila moshi unaacha kemikali zisizofaa, mnywaji wa kila siku bora achague isiyo na moshi.

Pa kununua, anza na maduka ya Wasyria na Walebanoni, kwao hiki ni kinywaji cha nyumbani na Syria ni mteja mkubwa wa Argentina, maduka ya vyakula vya afya mara nyingi wanakupiga bei. Chukua nusu kilo tu.

Kibuyu cha kunywea acha kwanza, usipokikausha vizuri kinaota ukungu, kikombe kizito kinatosha. Hela weka kwenye mrija wa stenlesi unaofunguka ukaoshwa. Maji yawe nyuzi 70 hadi 80, yanayochemka yanaharibu ladha, na uache yapoe kidogo kabla ya kunywa maana 2016 wataalamu wa saratani wa WHO walisema vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 huenda vinaleta saratani ya koo la chakula.