Noti Isiyozimika: Kebo ya MIDI ya Kununua kwa Emuleta ya Game Boy

Niliachia kidole, noti ikaendelea kulia. Nikabonyeza tena, ikanyamaza. Nikapiga kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, ikabaki sauti moja nyembamba inalia kama mbu sikioni. Siku tatu nzima niliilaumu mGB, programu inayoigeuza mashine ya michezo ya Game Boy kuwa ala ya muziki, kisha RetroPlug, emuleta inayoiga Game Boy ndani ya kompyuta, kisha mipangilio ya kompyuta. Mwishowe nikafungua programu inayoonyesha kila ujumbe unaopita wa MIDI, lugha ambayo vinanda na kompyuta huambiana noti, na jibu likawa mbele ya macho: ujumbe wa kuwasha noti upo, wa kuizima haupo. Kebo ya USB niliyonunua kwa bei ya chini, ile yenye taa mbili za kupendeza, ilikuwa imeumeza.

Kwa hiyo hapa sitazungumzia urefu wa waya wala rangi ya kasha. Swali langu kwa kila kebo ni moja tu: inafikisha kila ujumbe?

MIDI tangu 1983 inatuma biti 31,250 kwa sekunde, ujumbe mmoja nyuma ya mwingine. Noti moja huchukua takriban milisekunde 1. Ukipiga kodi huku unazungusha kitufe cha kupinda sauti, ujumbe hurundikana, na kebo yenye kumbukumbu ndogo huanza kuuangusha. Kwa sauti ya piano huenda usigundue, maana piano hufifia yenyewe. Mawimbi ya mraba ya Game Boy, usipoyapangia kufifia, hulia mpaka yaambiwe yanyamaze.

Nafasi ya kwanza naipa kutonunua kitu. Kama kinanda chako kina tundu la USB, kichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta. Na kama unataka tu programu ya muziki izungumze na emuleta, waya hauhusiki kabisa: kwenye Windows kuna programu ya loopMIDI, kwenye Mac kuna IAC iliyomo tayari. RetroPlug yenyewe hufunguka ndani ya programu ya muziki kama ala nyingine yoyote ya kompyuta. Pakia mGB humo, chaneli ya 1 na ya 2 zinapiga mawimbi ya mraba, ya 3 ni ile ya mawimbi ya kuchora, ya 4 kelele, na ya 5 inakuwezesha kupiga kodi.

Ya pili ni kebo ya Roland UM-ONE mk2, kwa wenye kinanda cha zamani chenye soketi ya duara ya pini 5. Naipenda na sifichi. Tangu niichomeke, haijaniachia noti hata moja ikining'inia, hata nikipiga kwa vidole vyote. Ina swichi ndogo ubavuni, COMP kwa kompyuta na TAB kwa tableti; angalia iko upande gani kabla hujadhani imeharibika.

iConnectivity mioXM, kisanduku cha MIDI, naiweka ya tatu. Ina milango 4 ya kuingiza na 4 ya kutoa, kazi kubwa kuliko haja ya emuleta moja. Inunue ukiwa na vyombo vingi.

Kebo za bei ya chini zisizo na jina: hapana.

Kinachoniuma zaidi ni wauzaji. Picha ileile ya kebo inauzwa kwa majina kadhaa, na maelezo yanasifu taa. Ukiuliza kama ndani kuna optokapla, kile kijisehemu kinachotenganisha umeme wa kinanda na wa kompyuta, unajibiwa "inafanya kazi na vifaa vyote." Wengine wanaiweka mGB kwenye kartriji na kuongeza bei kana kwamba wameiandika wao, wakati mwandishi wake, Trash80, aliitoa bure. Arduinoboy pia, kifaa cha kuunganisha Game Boy halisi na MIDI, michoro yake iko wazi kwa yeyote anayejua kushika chuma cha kulehemu. Kulipia kazi ya mikono ya aliyekiunda ni haki. Kuficha kwamba programu ni ya bure si haki.

Kebo ikifika, ijaribu siku hiyohiyo, kabla muda wa kurudisha haujapita. Plagi iliyoandikwa IN kwa kawaida huingia kwenye tundu la OUT la kinanda. Kisha weka chaneli ya 5, kandamiza kodi haraka haraka kwa dakika mbili huku ukizungusha kitufe cha kupinda sauti, na uachie vyote kwa pamoja. Kukibaki sauti yoyote, irudishe.