Tahadhari: muuzaji anakuuzia rimu pana zinazogusa fenda, kisha anakutoza tena kwa kukuharibia gari

Wenzangu mnaotafuta rimu za sports hapa Nairobi, someni hii kabla hamjatuma pesa. Kuna muuzaji anayetangaza mitandaoni rimu pana za kutoka Japani, picha safi, bei ya kuvutia, na maneno kwamba zinaingia kwa Subaru yoyote. Anakuelekeza kwenye yadi upande wa Kirinyaga Road, anakufungia palepale kwenye sakafu ya simiti, gari likiwa tupu. Linapendeza kweli. Ukishapakia watu nyuma na kukuta tuta la kwanza, tairi la nyuma linasugua fenda. Ukirudi kulalamika anasema hilo ni jambo la kawaida, lipia marekebisho kidogo. Hayo marekebisho ndiyo yamenifanya niandike, kwa sababu yanaweza kuua watu.

Sitataja jina. Kurasa zake hubadilika majina kila mara, na madai yetu tunayapeleka mahakamani. Nitaeleza mbinu, maana mbinu habadilishi. Kirinyaga Road ina mafundi waaminifu wengi sana, na mmoja wao ndiye aliyetusaidia kufungua gari na kuona kilichofanywa.

Mdogo wangu ana Subaru Forester ya 2010, zile za toleo la SH. Ilikuwa na rimu za 6.5J (J ni upana wa rimu kwa inchi), offset 48 (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaofungwa kwenye gari; ikishuka, rimu inasogea nje), tairi 215/65R16. Kabla ya kulipa alimwandikia muuzaji kwenye WhatsApp kwamba gari hubeba familia na mara nyingi hupanda Nyeri likiwa limejaa. Akajibiwa, "hakuna shida mkubwa, hizi zinakaa kama za kampuni." Akalipa Sh95,000 kwa rimu 4 za inchi 18 na tairi za upana wa milimita 245. Nilipoigeuza rimu moja na kusoma maandishi ya nyuma, nikakuta 8.5J ET30 (ET ndiyo offset).

Pigeni hesabu nami. Upana umeongezeka inchi 2, yaani milimita 50.8, na nusu yake, 25.4, inaenda nje. Offset imeshuka kutoka 48 hadi 30, hiyo ni milimita 18 nyingine kwenda nje. Ukingo wa rimu sasa umesogea nje zaidi ya sentimita 4 kuliko ulivyokuwa. Chini ya fenda ya nyuma ya gari hilo hakuna nafasi hiyo, na mtu anayeuza rimu kila siku ana namba hizo mbele ya macho yake. Alijua litagusa. Alijua pia kwamba utarudi, na ukirudi utakuwa umeshaacha rimu zako za zamani kwake kama sehemu ya malipo.

Aliporudi, mdogo wangu alitozwa Sh12,000 za "kurekebisha". Gari likakaa kwao hadi jioni. Lilipofika nyumbani nilipitisha kidole chini ya fenda ya nyuma upande wa dereva, nikakuta ukingo mkali kama kopo lililofunguliwa kwa kisu. Walikuwa wamekata mdomo wa fenda kwa grainda. Pale ukingoni bati la nje na la ndani huunganishwa kwa welding ya nukta. Ukikata, mabati mawili yanaachana na maji na matope yanaingia katikati. Tayari kulikuwa na tope ndani na kutu nyekundu imeanza, rangi haikurudishwa hata kwa brashi.

Hilo la fenda ni hasara ya pesa. La tairi ni la roho. Begani mwa tairi zote mbili za nyuma walikuwa wamepitisha grainda ileile wakaparua mpira ili lisiguse. Sehemu moja nyuzi za ndani zilikuwa zinaonekana, zimesimama kama manyoya. Tairi hubeba gari kwa hizo nyuzi pamoja na hewa. Mpira wa begani na ubavuni ndio unaozifunika. Ukiuondoa, joto na uzito vinamaliza kazi, na tairi linapasuka gari likiwa mbio. Mtoto wa miaka 4 hukaa kwenye kiti cha nyuma cha gari hilo. Nilikasirika, na bado nina hasira.

Juu ya hayo walisukuma vipande vya raba ngumu katikati ya springi za nyuma ili gari liinuke. Likiwa tupu linaonekana limepona. Lakini springi haijikunji tena ilivyoundwa, mzigo wote unabebwa na mizunguko iliyobaki huru, na nyuma ya gari inarukaruka kwenye barabara mbaya. Wengine huuziwa spesa, kile kisahani kinachowekwa kati ya rimu na habu, badala ya raba. Spesa inasaidia tu tairi likigusa ndani, upande wa shoki. Kama linagusa fenda, spesa inalisukuma nje na kuongeza ubaya. Na zile nyembamba zinazoingizwa tu bila bolti zake zinapunguza sehemu ya uzi wa bolti inayoshika nati. Kwa stadi za Subaru (bolti zinazoshika gurudumu), za M12 kwa 1.25, nati izunguke angalau mara 8 kabla ya kukaza. Ikishika kwa mizunguko 4 au 5, shuka usiendeshe.

Kazi halali ya kuondoa msuguano ipo, na ina mpangilio. Kwanza fundi anatafuta mahali panapogusa: anapaka chaki begani mwa tairi, watu wanakaa nyuma, gari linapita tuta polepole, kisha anaangalia chaki imefutika wapi. Anakagua springi na shoki, kwa sababu gari lililolala nyuma litagusa hata kwa rimu zinazofaa. Zikiwa ni milimita chache tu, mdomo wa ndani wa fenda hukunjwa kwa rola taratibu, rangi ikipashwa joto ili isipasuke, halafu unapakwa dawa ya kuzuia kutu. Haukatwi. Unaweza pia kufunga tairi jembamba zaidi: kutoka 245 hadi 225 unapata takriban milimita 10 kila upande, mradi upana wa rimu uwe ndani ya ule ulioruhusiwa na mtengenezaji wa tairi. Kurekebisha kemba, yaani mwinamo wa tairi kwenda ndani au nje, kunasaidia kidogo, ila ukizidisha tairi linalika upande wa ndani. Kwa sentimita 4 hakuna hata moja ya njia hizi inayotosha. Dawa ni kurudisha rimu na kutafuta za 7J au 7.5J zenye offset kati ya 45 na 50.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, taka picha ya nyuma ya rimu inayoonyesha J, ET na PCD, yaani idadi ya matundu ya bolti na kipenyo cha duara lake kwa milimita (Forester ya SH ni 5x100, tundu la katikati milimita 56.1). Asiyetaka kutuma picha hiyo, achana naye. Soma namba 4 za mwisho za DOT, msimbo ulioandikwa ubavuni mwa tairi: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016, na tairi la umri huo si la kununua hata liking'aa. Dai kuliendesha gari likiwa na watu nyuma kabla ya malipo ya mwisho. Rimu zako za zamani rudi nazo nyumbani.

Risiti yake imepigwa muhuri kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Msitishwe na muhuri. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inalinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi yake na kutegemea ujuzi wake, na Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa za ubora unaofaa. Mahakama ya Madai Madogo, Milimani, inasikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000 na unaweza kwenda bila wakili. Tunza mazungumzo ya WhatsApp, ujumbe wa M-Pesa na picha. Sisi rimu zile na tairi zilizoparuliwa tumezifungia stoo kama ushahidi, na mdogo wangu amelazimika kununua rimu nyingine kwa pesa zake.

Kama umeshafanyiwa kazi ya namna hii, usiingie Thika Road nayo leo. Geuza usukani, piga jeki, mulika tairi kwa tochi pande zote mbili, upande wa ndani utauona vizuri baada ya kulitoa. Ukikuta bega limeparuliwa au nyuzi za ndani zinaonekana, funga la akiba, na lile usimuuzie mtu mwingine.