Uzoefu wangu na KCSAN: kukamata resi mu draiva ya tty, hapa Bukavu

KCSAN ni chombo cha kukamata resi (kazi mbili kugusa memori moja kwa wakati mmoja bila kupangana), ni ya bure, iko ndani ya keneli (roho ya mfumo) ya Linux tangu 5.8 ya mwaka 2020, na kwa kazi ya tty (sehemu ya keneli ya terminale na waya za seri) inasaidia sana, lakini ukiiwasha vile inakuja tu itakunyamazia vitu vyenye hatari kabisa.

Mjue kwanza naitumia kwa nini. Hapa Bukavu tunafunga regileta za solar kwa maduka na kwa watu wa kuchajisha simu, zile regileta zinaongea kwa RS-485, zinaingia mu mini-PC kwa waya ya USB, na ndani ya keneli tuko na line discipline yetu ndogo yenye kukata data kuwa paketi kabla programu haijasoma. Ilikuwa inatembea vizuri, ila mteja akichomoa waya saa ile programu inasafisha bafa (memori ya kungojeshea data), mara moja moja mashine nzima inagoma. Ukienda kuangalia haigomi, ukifika nyumbani unapigiwa simu. Gran mwenye atelie akasema ni kura (umeme) ya mji, inapanda inashuka, tununue stabilizeta, nikamwambia hapana gran, kura haiwezi kuharibu listi ya bafa kila mara pahali pale pale, angalia dmesg, logi ya keneli.

Na tty ndiyo pahali pa resi kweli kweli. Terminale moja inaguswa na wengi: data inaingia kupitia workqueue (foleni ya kazi za keneli), programu moja inasoma, nyingine inaandika, nyingine inapiga ioctl (amri ya kuongoza kifaa), halafu waya ikichomoka hangup inakuja kufunga yote juu ya vichwa vyao. Hata wakubwa wa keneli wameanguka hapo. CVE-2014-0196 (namba ya kosa la usalama) ilikuwa ndani ya n_tty_write, fonksyo ya kuandika kwa terminale: terminale ikiwa mu hali fulani, echo na maandishi ya programu vinaingia kwa bafa moja kwa pamoja, memori inachafuka, na mtu wa kawaida anaweza kujipatia root, mamlaka yote ya mashine. Pachi yake ilikuwa fupi, kuchukua output_lock basi, kufuli ya kuzuia wawili kuingia pamoja. Ile ya n_hdlc (line discipline ingine ya keneli) ndiyo ndugu ya yetu: pointa (anwani ya memori) inaitwa tbuf, ya kushika bafa yenye imeshindwa kutumwa, haina kufuli, bafa moja inaingia mara mbili mu listi ya zile ziko wazi, ukifunga terminale inaachiliwa mara mbili. Imekaa humo tangu 2009 mpaka Alexander Popov akaianika 2017, fikiria.

Sasa KCSAN yenyewe. Ni kama mlinzi wa mlango wa duka, hapekui kila mtu, anachagua mmoja baada ya wengi kupita. Kila prosesa inaachia karibu kugusa memori 4000 kupite, halafu inashika moja, inaisimamisha mikrosekunde 80 hivi kama ni kazi ya kawaida, 20 kama ni interrupt (kifaa kinakatiza prosesa), inaangalia kama kuna mwingine atagusa palepale. Akigusa, unapata ripoti yenye stack mbili (listi za fonksyo zenye ziliitana), huyu alikuwa anaandika kwa prosesa hii, yule alikuwa anasoma kwa prosesa ile. Zile stack mbili peke yake zinalipa usumbufu wote, juu panic (keneli kufa) ya kawaida inakuonyesha tu mwenye kufa, mwenye kuua ameshaondoka zamani.

Uzito upo. Maelezo yao yanasema keneli inapungua mbio kama mara 5 kwa konfigi ya kawaida, na laptopu yangu inakubali hivyo. Memori haili sana, hapo inashinda KASAN, ndugu yake ya kutafuta makosa ya memori. Kompaili ndiyo mateso, unataka kompaila ya GCC 11 ama Clang 11 kwenda juu, kura ikikatika usiku asubuhi unaendelea na make, kwa hiyo pitisha localmodconfig kwanza utoe madraiva yenye huna kazi nayo. Na chukua tarball (kodi yote mu faili moja), usivute historia yote ya git, tarball ni mega mia na kitu lakini git nzima ni magiga, mega za hapa mnajua bei. Halafu QEMU (mashine ya bandia ya kujaribia) uipe -smp 4, ni prosesa nne, kwa prosesa moja utangojea ripoti mpaka uzeeke.

Sasa lile la kunyamaza. Kuna konfigi CONFIG_KCSAN_ASSUME_PLAIN_WRITES_ATOMIC, inakuja imewashwa, maana yake thredi mbili zikiandika pamoja kwa pointa moja yenye imepangwa sawa mu memori, KCSAN inaona ni kawaida, haisemi kitu. Na sisi shida yetu ilikuwa pointa! Usiku mzima kimya, asubuhi nikaizima ile konfigi, kahawa haijapoa ripoti imetoka: receive_buf (fonksyo ya kupokea data) upande huu, ioctl ya flush upande ule, wote wanaandika pointa ya paketi ya mwisho.

Hapo petit mmoja wa atelie akaweka WRITE_ONCE (alama ya kusema kuandika hapa ni kwa makusudi) pande zote, ripoti ikapotea, akafurahi. Lakini bafa bado inaweza kurudishwa mara mbili, umefunga tu kinywa cha shahidi. Kufuli inapaswa kushika kuangalia na kubadilisha kwa pamoja, na lazima iwe kufuli ile ile kwa wote. Ile resi ya tiocspgrp (ioctl moja ya tty) ya 2020, yenye Jann Horn aliikuta, kufuli ilikuwapo, ila kwa pty (terminale ya bandia yenye pande mbili) inaweza kuwa kufuli ya terminale ya upande mwingine. Sisi tuliweka spin_lock_irqsave (kufuli ya kungojea bila kulala), mutex (kufuli yenye kulalisha) ilikataliwa juu write_wakeup (fonksyo ya kuambia kuna nafasi ya kuandika) inaweza kuitwa ndani ya interrupt na humo hakuna kulala.

Tangu pale tunachomoa waya kwa makusudi huku flush inazunguka, mashine inaendelea. Natoa nyota nne. Ya tano wataipata siku ile konfigi itakuja imezimwa.