Kuziba majina kwa LibreOffice: nilijifunza kwa aibu

Mimi ni katibu wa saccos ndogo ya mtaani. Mwaka jana niliziba majina na namba za NIDA (kitambulisho cha taifa cha Tanzania) za waliochelewesha marejesho kwa kupaka rangi nyeusi kwenye Word, nikageuza faili kuwa PDF, nikalitupia kwenye grupu la WhatsApp. Hazikupita dakika kumi, mzee mmoja akanipigia: "Katibu, mbona chini ya huu wino namwona mama watoto?" Alikuwa ameshikilia kidole pale penye weusi, akakopi, akabandika kwenye meseji. Jina zima, deni lote. Hayohayo yaliwakuta mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Trump, kule Marekani, Januari 2019, kwenye waraka wa mahakama. Lakini wao hawanunui mchicha kila asubuhi kwa mtu waliyemuanika.

Tangu hapo natumia LibreOffice, programu ya kuandikia kama Word, tena ni ya bure. Faili likiwa wazi, ingia Tools, kisha Redact. Linafunguka upya kwenye Draw, sehemu yake ya kuchorea, na vitufe vichache vya kuchorea visanduku. Visanduku ni vya kijivu chepesi, unaona unachokiziba. Ukitoa nakala ya mwisho vinakuwa vyeusi, au vyeupe ukipenda, na kila ukurasa unageuka picha. Chini hakuna maandishi tena. Nilimpa yule mzee nakala mpya ajaribu kidole chake. Alihangaika wee, mwisho akacheka.

Ipo pia Auto-Redact, inayotafuta yenyewe. Humo nilikuta namba ya bima ya taifa ya Uingereza imeshaandaliwa. NIDA yetu, ng'o. Nikaiandikia kanuni ya kuitafutia: tarakimu 8, kistari, 5, kistari, 5, kistari, 2. Ilidaka karibu zote, ila walioandika namba bila vistari wakaponyoka, nikawaziba mmoja mmoja miwani ikiwa imenishuka puani. Na usije ukaacha zile 8 za mwanzo ukidhani hazina neno: ndiyo tarehe ya kuzaliwa.

Kinachochosha ni kwamba picha haitafutiki. Mhasibu wetu akitaka mstari fulani kwenye kurasa 30, anapekua moja moja. Basi faili halisi linabaki kwenye kompyuta ya ofisi, lina nywila, na grupu linapata lililozibwa tu. Nyota 4 kati ya 5. Ya tano naishikilia hadi NIDA iingizwe humo.